Siku Moja ya Paris Katika Likizo ya Disneyland: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Kabla ya kuamua mtatembelea nini mjini Paris, amueni mtarudi saa ngapi. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kinyume, lakini Disneyland Paris, bustani ya michezo iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, haiko Paris kwenyewe. Iko Marne-la-Vallée, kilomita zipatazo 32 mashariki ya kitovu cha mji, na siku ya kwenda mjini huwakuta watoto wakiwa wameshatembea na kusimama kwenye foleni kwa siku moja au mbili mfululizo. Anzeni na saa ambayo mtoto mdogo kuliko wote anapaswa kuwa amelala, rudini nyuma saa moja na nusu kwa ajili ya safari ya kurudi, kisha tazameni muda uliobaki unatosha jambo gani. Familia inayopanga hivyo hugundua mapema kwamba ina saa sita au saba za mjini, wala si siku nzima, na maamuzi mengine yote huwa mepesi.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni tiketi za bustani mlizokwisha kulipia. Vifurushi vya hoteli za Disney kwa kawaida hujumuisha kiingilio cha kila siku ya kukaa, pamoja na siku ya kufika na siku ya kuondoka, kwa hiyo siku ya Paris ni siku ya bustani iliyolipiwa na kuachwa. Hilo si kosa, mradi lifanyike kwa kujua, na pengine likawafanya mrudi jioni kutazama onyesho la taa na fataki la kufunga siku. Walionunua tiketi za siku kadhaa bila hoteli wasome masharti kwa makini kabla ya kulipa, hasa kama siku hizo zinatakiwa kufuatana, maana siku ya mjini iliyowekwa katikati inaweza kuiua siku moja ya tiketi. Epukeni pia kuichagua siku ya kuondoka kwa sababu tu mmeshatoka chumbani. Mizigo yenu itakuwa mashariki nanyi mtakuwa mjini, na wanaosafiri kupitia uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle wana treni ya mwendo kasi inayowafikisha uwanjani kutoka stesheni ya bustani kwa dakika kama 10, hivyo kwenda Paris kwanza ni kuzunguka bila sababu.

Kuhusu siku ya wiki, kuna mvutano unaostahili kufikiriwa. Bustani hujaa zaidi mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo za shule za Ufaransa, jambo linaloshawishi kwenda mjini Jumamosi au Jumapili na kubakiza siku za kazi kwa ajili ya michezo. Ni wazo zuri, lakini lilinganishwe na siku za kufungwa kwa majumba ya makumbusho: Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, na jumba la sayansi la La Villette, ambalo watoto hulipenda sana, nalo hufungwa Jumatatu. Tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba hazifai kwa makumbusho mengi. Tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa, mitaa inayozunguka Mnara wa Eiffel hufungwa na baadhi ya stesheni za karibu hazifunguliwi, kwa hiyo mwenye kigari cha mtoto aichague siku nyingine.

Usafiri ndio sehemu inayohitaji kueleweka vizuri kuliko zote. Treni inayotumika ni RER A, mojawapo ya njia za treni zinazounganisha Paris na vitongoji vyake, ambayo kituo chake cha mwisho upande wa mashariki, Marne-la-Vallée–Chessy, kiko hatua chache kutoka kwenye lango la bustani, na ambayo hufika Châtelet–Les Halles, katikati ya mji, kwa dakika zipatazo 40 bila kubadili. Kwenda hakuna utata, kwani kila treni inayoondoka Chessy inaelekea mjini. Utata uko kwenye kurudi: baada ya Vincennes reli hugawanyika, tawi moja likienda Chessy na jingine Boissy-Saint-Léger, na familia iliyochoka ikipanda treni ya kwanza inayotokea inaweza kujikuta kwenye tawi lisilo lake. Kwenye kila jukwaa kuna ubao unaowasha taa mbele ya jina la kila stesheni ambayo treni inayofuata itasimama. Watoto wanaojua kusoma wapewe kazi ya kulitafuta jina la Chessy kabla mtu yeyote hajapanda. Siku moja kabla, angalieni pia kwenye programu ya usafiri ya Île-de-France Mobilités kama kuna matengenezo, kwa sababu kazi za reli hupangwa mara nyingi wakati wa kiangazi, hasa Agosti, na nyakati za usiku.

Nauli imekuwa rahisi kuielewa tangu tarehe 1 Januari 2025, pale bei za kanda zilipofutwa kwa tiketi za safari moja na kuwekwa nauli moja ya metro na treni katika mkoa wote wa Île-de-France, isipokuwa safari za viwanja vya ndege zenye tiketi yake ya pekee. Nauli hiyo ilianza kwa yuro 2.50 kwa mtu mzima, na hupitiwa upya kila Januari. Watoto walio chini ya miaka 4 hawalipi, na wenye miaka 4 hadi 9 hulipa nusu. Kila anayelipa anahitaji kadi yake, kwa sababu kadi moja ya Navigo Easy, inayouzwa yuro 2, haiwezi kupitisha watu wawili kwa wakati mmoja. Nunueni kadi na kuzijaza safari za kwenda na kurudi jioni ya kuamkia siku yenyewe, wakati mashine za stesheni hazina foleni. Tiketi ya metro na treni haitumiki kwenye basi. Basi na tramu zina tiketi yao, na jambo hili huwashangaza wengi wanaotaka kuunganisha. Kadi zitunzwe hadi mwisho wa safari, maana milango ya kutokea RER huzihitaji na wakaguzi hupita.

Sasa mambo ya kutazama. Rai yangu ni kwamba familia yenye watoto chini ya miaka kumi ichague sehemu moja tu inayohitaji tiketi yenye saa maalumu, na mengine yote yawe ya kupita nje. Tiketi moja yenye saa maalumu huweza kuokolewa treni ikichelewa. Zikiwa mbili au tatu kwa siku moja, kuchelewa kwa ya kwanza huharibu zote, na wazazi hushinda wakiwakimbiza watoto badala ya kuwaonyesha mji.

Wakichagua Mnara wa Eiffel, uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1889 na wenye kimo cha mita 330, tiketi za lifti huanza kuuzwa siku 60 kabla na za saa nzuri huisha mapema. Watoto chini ya miaka 4 huingia bure lakini nao lazima wawe na tiketi. Vigari vya watoto visivyokunjika haviruhusiwi, na kilele hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya upepo au msongamano, hivyo mtoto asiahidiwe kilele bali aahidiwe mnara. Ngazi za kufika ghorofa ya pili ni 674. Vijana huzifurahia, watoto wa miaka mitano huishia kubebwa. Kwa wanaotaka kuuona tu, kuna njia isiyo na foleni: kutoka RER A teremkeni stesheni ya mjini ya Charles de Gaulle–Étoile, mpande metro namba 6, na baada ya stesheni ya Passy treni hutoka nje na kuvuka mto Seine juu ya daraja, mnara ukiwa umesimama wazi upande wa kushoto.

Louvre hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa ambapo huendelea hadi saa 3 usiku. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, lakini inashauriwa waandikishwe saa ya kuingia pamoja na watu wazima. Jumba hilo ni kubwa mno kwa siku ya namna hii. Likichaguliwa, wazazi wakubaliane mapema juu ya vyumba viwili au vitatu, kwa mfano vya Misri ya kale, na kutoka baada ya saa moja na nusu bila majuto. Notre-Dame, kanisa kuu lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, ni bure na iko umbali wa kutembea kutoka Châtelet. Nafasi za kuingia huwekwa bila malipo kwenye tovuti ya kanisa siku chache tu kabla; asiye na nafasi anaweza kupanga foleni, ambayo kwa kawaida husogea. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja kwa familia yenye umri mchanganyiko, ningechagua mashua ya Seine ya muda wa saa moja, kwa sababu watoto hukaa chini, wanaona Notre-Dame, Louvre, Orsay na mnara kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayelazimika kupanda ngazi.

Ngazi zenyewe ni suala zito. Metro ya Paris ni ya zamani, na stesheni nyingi hazina lifti kutoka mtaani hadi jukwaani. Namba 14, iliyojengwa baadaye, ndiyo yenye lifti kila stesheni. RER A ina lifti, lakini stesheni ya Châtelet–Les Halles ni kubwa na yenye njia nyingi, na kuitafuta lifti humo kunaweza kuchukua robo saa. Mwenye mtoto mchanga afikirie kigari chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja, au mbeleko. Wanaokodi kigari ndani ya bustani wajue kwamba hakiruhusiwi kutoka nje ya eneo lake, kwa hiyo mtoto aliyesukumwa siku mbili atatakiwa kutembea siku ya tatu, ile yenye umbali mkubwa kuliko zote. Wasio na kigari chao walitatue jambo hili wangali nyumbani.

Chakula, maji na vyoo havihitaji maneno mengi. Mikahawa mingi hupika mchana kati ya saa 6 na saa 8, kisha jiko hufungwa hadi jioni, kwa hiyo mtoto aliyezoea kula saa 9 abebewe kitu. Vibanda vya vyoo vya mtaani ni bure na viko vingi, ila metro yenyewe ina vichache, na bomba za chuma za rangi ya kijani zinazoitwa Wallace, zilizoanza kuwekwa mwaka 1872, hutoa maji safi ya kunywa katika miezi isiyo ya baridi kali.

Usalama wa watoto uzungumzwe kabla ya kupanda treni, si baada ya kupotezana. Kanuni inayofaa ni hii: mtoto akibaki jukwaani milango ikafungwa, asiondoke pale alipo, na mzazi atashuka stesheni inayofuata na kurudi; mtoto akibebwa na treni wazazi wakabaki, ashuke stesheni inayofuata na kusimama hapo hapo jukwaani. Ifanyieni mazoezi kwa maneno, mtoto aieleze mwenyewe. Namba ya simu ya mzazi, yenye msimbo wa nchi, iandikwe kwenye kikuku au ndani ya nguo. Namba ya dharura ni 112. Wezi wa mifukoni huwalenga watalii kwenye RER A, metro namba 1 na maeneo ya Louvre na mnara, na mzazi anayekunja kigari huku akishika mikono miwili ni windo jepesi, hivyo pasipoti na kadi za benki zikae kwenye mkoba wa ndani wa mtu asiyesukuma kigari. Pasipoti zinahitajika, kwa kuwa polisi wanaweza kumtaka mgeni aonyeshe hati zake. Msiache begi peke yake hata kidogo. Begi lisilo na mwenyewe husimamisha treni za watu maelfu.

Mwanga wa mchana nao huamua ratiba. Mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, na watoto hawaoni sababu ya kurudi. Mwezi Desemba huzama karibu saa 11 jioni, na mashua ya alasiri inaweza kuwa safari ya gizani yenye baridi kali ya mtoni. Kwa majira ya baridi, anzeni na mambo ya nje na mmalizie ndani.

Hatimaye wekeni mpango wa pili kwa siku ambayo mtoto ataamka na homa au RER A itasimama. Stesheni moja tu kabla ya Chessy, Val d'Europe, kuna kituo cha maduka chenye jumba la samaki la Sea Life, na mnaweza kurudi hotelini wakati wowote. Kwa sababu hiyo, mnaponunua tiketi za mjini, tazameni kama zinaweza kubadilishwa tarehe au kurudishiwa fedha, na mkibaki na hiari kati ya tiketi nafuu isiyobadilika na ya bei ya juu kidogo inayobadilika, chukueni ya pili.