Una keratokonasi? Hivi ndivyo unavyopata lenzi zisizokuumiza

Kazi yangu ni kupima macho, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hapa Kampala ni kuwatafutia lenzi watu wenye keratokonasi. Wanaokuja wakiongea Kiswahili wengi wametoka Arua, Busia au Malaba, na wapo wanaovuka mpaka kutoka Kongo. Karibu wote wameshaambiwa na mtu fulani njiani: lenzi ngumu zinauma, jikaze, utazoea. Mimi nalikataa neno hilo. Ugeni wa lenzi jichoni upo, na hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Maumivu ni jambo lingine. Lenzi inayouma ina sababu: haikupimwa sawasawa, au ni chafu, au imewekwa kwenye jicho ambalo bado linaumwa. Zote tatu zina njia ya kurekebishwa.

Kwanza ujue kinachotokea. Konea ni kioo cha mbele cha jicho, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Kwa mwenye keratokonasi konea hupungua unene na kuchongoka mbele, tena bila usawa. Mwanga ukipita hapo hutawanyika: taa moja ya barabarani unaiona ina mikia, herufi zinaonekana mbilimbili. Miwani hurekebisha mpindo ulio sawa, lakini konea iliyopindapinda huishinda. Lenzi ngumu huleta uso mpya laini mbele ya jicho, na machozi yanayokaa chini yake hujaza mabonde yote. Ndiyo maana mtu aliyekata tamaa ya miwani anaweza kusoma mstari wa chini ubaoni akiwa na lenzi.

Hatua ya 1: Jua kama ugonjwa umesimama

Lenzi hukupa kuona. Hazizuii konea kuendelea kuchongoka. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe na huweza kuendelea hadi miaka ya 30 na kitu. Kwa hiyo ukiwa kijana, au mzazi wa kijana, swali la kwanza kwa daktari bingwa wa macho liwe: je, bado inaendelea? Idara za macho za Mulago na Mengo hapa Kampala, na Ruharo kule Mbarara, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ikiwa inaendelea, kuna tiba ya kuikaza konea inayoitwa krosilinki. Jicho huwekewa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa mionzi ya urujuanimno. Njia ya awali, iliyochapishwa mwaka 2003, humulika kwa dakika 30, na huhitaji konea yenye unene usiopungua mikroni 400 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ukichelewa konea ikawa nyembamba kuliko hapo, mlango huo unazidi kuwa mwembamba nao. Usianze kutumia akiba yako yote kwenye lenzi kabla ya kupata jibu la swali hili. Baada ya krosilinki tunasubiri, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, ndipo tunapima lenzi.

Hatua ya 2: Tuliza mzio, acha kusugua macho

Watoto wengi wa huku wana mzio wa macho: macho yanawasha, yanatoa utando wa kamasi, yana rangi ya kahawia kidogo kwenye weupe. Wanayasugua kwa vifundo vya vidole mchana kutwa. Kusugua kunaichosha konea, na hakuna lenzi itakayotulia kwenye kope lililovimba kwa ndani.

Tumia kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, na matone ya mzio uliyoandikiwa. Matone yenye steroidi, kama yale ya dexa yanayouzwa kirahisi madukani, usijinunulie. Yanatuliza haraka, na kwa sababu hiyo watu huyatumia miezi, kumbe presha ya jicho inapanda kimyakimya na mtoto wa jicho anaanza. Steroidi ina nafasi yake, chini ya daktari anayepima presha ya jicho.

Hatua ya 3: Chora ramani ya konea

Kabla ya kulipa nauli, piga simu kliniki na uulize: mna mashine ya kuchora ramani ya konea? Kipimo cha kawaida cha miwani hakitoshi. Ramani inaonyesha ncha iko wapi, ina ukali gani, na konea ina unene gani kila mahali. Ncha iliyo katikati na iliyoshuka chini hazivai lenzi moja.

Kama tayari unavaa lenzi, zivue kabla ya kipimo: laini angalau wiki moja, ngumu wiki mbili hadi nne, maana lenzi huibonyeza konea na ramani hutoka ya uongo. Omba nakala ya ramani na uitunze. Mwaka ujao itakuwa ndiyo ushahidi wa kama kuna kilichobadilika.

Hatua ya 4: Chagua aina kwa jicho lako na kwa maisha yako

Ukali wa ncha ndio unaotangulia. Konea ya kawaida ina mpindo wa kama dayopta 43 au 44; dayopta ni kipimo cha ukali wa mpindo. Ikiwa yako haijapita sana hapo, lenzi laini za astigmatizimu, yaani za konea yenye mpindo usiolingana pande zote, zinaweza kukutosha, na hizo ndizo rahisi kuzoea.

Ikizidi, tunaingia kwenye lenzi ngumu zinazopitisha hewa. Ni ndogo, upana wa milimita 9 hadi 10 hivi, zinakaa juu ya konea yenyewe na kutembea kidogo kila unapopepesa. Zipo zilizochongwa mahususi kwa keratokonasi, kama Rose K, iliyobuniwa na Paul Rose wa New Zealand. Zinakupa kuona vizuri sana. Kasoro yake kubwa kwa watu wetu ni vumbi. Punje moja ya vumbi la murramu ikiingia chini ya lenzi ndogo, jicho linatiririka machozi hapohapo, na kama uko kwenye bodaboda katikati ya magari hilo ni jambo la hatari.

Kwa hiyo mwendesha boda, fundi wa ujenzi, au mwuzaji wa sokoni ninamwonyesha mapema lenzi za sklera. Hizi ni kubwa, milimita 15 na kuendelea. Hazigusi konea kabisa. Zinapita juu yake kama daraja na kukanyaga sehemu nyeupe ya jicho, ambayo haina hisia kali. Katikati panajazwa maji ya chumvi yaliyotakaswa. Vumbi halipenyi kirahisi, na mtu akiivaa kwa mara ya kwanza mara nyingi hushangaa kwamba haisikii. Gharama yake ni kubwa zaidi, na kuivaa kunahitaji mikono yenye subira. Kwa ncha kali sana, mimi huona pesa hiyo haipotei.

Katikati ya hizo mbili kuna njia za kati: lenzi laini chini na ngumu juu yake, au lenzi ya mseto yenye katikati ngumu na pembe laini. Ukiwa na lenzi ndogo unazoona nazo vizuri ila zinakwaruza, uliza kuhusu kuweka laini chini kabla ya kuzitupa.

Lenzi hizi nyingi huagizwa kutoka nje kwa vipimo vyako. Kabla ya kutoa malipo ya awali uliza, na uandikiwe: zikikataa kukaa, zitabadilishwa mara ngapi bila malipo? Ushuru na usafirishaji analipa nani? Lenzi ya kwanza mara nyingi si ya mwisho, hata kwa mpimaji hodari. Bei isiyo na nafasi ya kubadilisha ni bei ya kukufunga.

Hatua ya 5: Siku ya kujaribu

Mpimaji atachukua lenzi kutoka kwenye sanduku la majaribio, aweke rangi ya fluoresini, kisha akuangalie kwa mwanga wa buluu. Mimi naona hivi: penye maji mengi chini ya lenzi panang'aa kijani, na lenzi inapogusa konea panakuwa peusi. Kwa lenzi ndogo natafuta mguso mwepesi kwenye ncha na pembeni, na ukingo wa kijani kuzunguka. Nikiona doa jeusi zito katikati, lenzi hiyo naiondoa hata kama mgonjwa anasema anaona vizuri ajabu. Lenzi inayolalia ncha hivyo siku hadi siku huikwaruza, na kovu likishaingia katikati ya konea halifutwi na lenzi nyingine.

Kwa lenzi ya sklera napima nafasi kati yake na konea: mikroni 200 hadi 300 hivi mwanzoni, karibu nusu ya unene wa konea yenyewe. Lenzi itazama kadiri saa zinavyopita. Kwa hiyo usikubali kuruhusiwa baada ya dakika tano. Kaa nayo nusu saa kwa uchache, tembea nje, rudi upimwe tena. Na kama umewekewa matone ya ganzi, subiri yaishe nguvu kabla ya kusema iko sawa.

Hatua ya 6: Eleza maumivu kwa undani

Hapa ndipo wagonjwa wengi hujinyima haki wenyewe. Mzee mmoja aliniambia "iko sawa tu, daktari", huku machozi yakimshuka shavuni. Ni adabu, naielewa, lakini mimi siwezi kurekebisha nisichoambiwa. Sema inauma lini, wapi, na inafanyaje.

Ukiisikia kila unapopepesa, ukingo umeinuka, au lenzi inatembea kupita kiasi. Ikitoka yenyewe, imelegea. Ikiwa asubuhi ni nzuri na jioni jicho linabana, jekundu, na ukiivua inaacha alama ya duara kwenye weupe wa jicho, imekaza. Ikiuma ghafla ukiwa barabarani kisha ikatulia baada ya kuisafisha, lilikuwa vumbi. Ikichoma dakika ileile unapoivaa, shuku dawa ya kuoshea. Ikiwa haiumi ila kufikia mchana unaona kama kuna moshi, maji yaliyo chini ya sklera yamechafuka. Ivue, ijaze upya, na umwambie mpimaji, kwa sababu ukingo unaweza kurekebishwa. Andika haya kwenye simu siku yanapotokea, saa ngapi na jicho lipi. Maelezo kama hayo hunisaidia kuliko neno "inasumbua".

Hatua ya 7: Kuvaa, kuvua na kusafisha

Osha mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa. Kwa sklera, weka kioo mezani, inama mpaka uso utazame chini, lenzi ikiwa imejaa maji hadi juu. Fungua kope zote mbili, ipandishe moja kwa moja hadi iguse, kisha achia kope. Ukiona kiputo cha hewa kwenye kioo, ivue uanze upya. Kiputo hukausha konea na kuumiza. Wakati wa kuvua, lowesha kile kifyonzi kidogo cha mpira, kibandike karibu na ukingo wa chini wa lenzi, inua ukingo huo kwanza. Usikibandike katikati ukavuta, utaivuta konea.

Maji ya kujaza yawe ya chumvi, yasiyo na kihifadhi, kwenye vichupa vya kutumia mara moja. Soma kichupa kila unaponunua, maana duka la dawa huweka pamoja vichupa viwili vinavyofanana: kimoja kimeandikwa Sodium Chloride 0.9%, hicho ndicho. Kingine ni maji ya sindano, hayana chumvi, na yatachoma jicho. Kilichobaki kwenye kichupa kilichofunguliwa kimwage. Mfuko wa dripu uliofunguliwa na kuwekwa kabatini wiki nzima si safi tena.

Maji ya bomba, ya mtungi au ya ziwa yasiguse lenzi wala kasha lake, hata yakiwa yamechemshwa. Kuna kijidudu kiitwacho akanthamiba kinachoishi majini, na kikiingia kwenye konea tiba yake ni ya miezi, wakati mwingine jicho halirudi lilivyokuwa. Mate pia, kamwe. Ukitumia dawa ya peroksidi, tumia kasha lake lenye kisahani cha kuivunja nguvu na usubiri muda wa saa 6 bila kupunguza. Usilale na lenzi.

Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa tatu au nne, ongeza saa moja au mbili kila siku. Lenzi ndogo ngumu huweza kuhitaji wiki mbili au tatu kabla ya kope kuzizoea.

Ikitokea jicho jekundu lenye maumivu, kuogopa mwanga, usaha au kuona kupungua ghafla, vua lenzi na umwone daktari siku hiyohiyo. Usipitie duka la dawa kwanza. Beba lenzi na kasha lake, vinaweza kupimwa vijidudu.

Hatua ya 8: Rudi kupimwa

Rudi baada ya wiki moja, baada ya mwezi, kisha kila miezi sita. Kijana ambaye ugonjwa wake haujatulia arudi mapema zaidi. Ncha ikibadilika, lenzi iliyokuwa nzuri inaanza kugusa. Na siku ya kurudi njoo ukiwa umezivaa kwa saa nne au zaidi, pamoja na kasha, dawa unayooshea na ile orodha ya kwenye simu. Ukija nazo mfukoni nitaona lenzi safi na jicho lililopumzika, na sitajua kinachokuumiza ikifika saa kumi jioni.