Kukusanya vitabu vya katuni vya zamani na michoro yake halisi wakati bei zimepanda

Kabla hujatoa dola hata moja, hesabu kurasa.

Nilipoanza kukusanya hapa Columbus, Ohio, nilinunua toleo moja la kampuni ya Marvel la mwaka 1974. Jalada linang'aa, kona hazijakunjika, pini hazina kutu. Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa barua za wasomaji, nikakuta tundu lililokatwa kwa mkasi. Miaka ile Marvel ilikuwa ikichapa stempu ndogo za wahusika wake ndani ya vitabu, na watoto walikuwa wakizikata ili kuzikusanya. Mtoto aliyekata hakukosea kitu, kitabu kilikuwa chake. Muuzaji alijua na akanyamaza, nami sikufungua. Tundu la namna hiyo likiwa ndani ya The Incredible Hulk namba 181, toleo la Novemba 1974 ambamo shujaa Wolverine anaonekana katika hadithi kamili kwa mara ya kwanza, linaondoa sehemu kubwa ya bei, hata kama jalada ni safi kama la jana.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio ninaouandika hapa. Umenisaidia zaidi sasa, bei zilipopaa. Action Comics namba 1, kitabu cha Juni 1938 kilichouzwa senti 10, kilifikia dola milioni 6 mnadani Aprili 2024. Ukurasa mmoja tu wa mchoro wa Mike Zeck kutoka Secret Wars namba 8, wenye Spider-Man na vazi lake jeusi, uliuzwa dola milioni 3.36 Januari 2022. Hizo si bei zetu mimi na wewe, lakini zinavuta kila kilicho chini yake. Filamu ya mhusika fulani ikitangazwa, bei ya toleo alimoonekana mara ya kwanza inaruka siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chagua uzi mmoja

Mtu anayenunua kila kinachopita mezani humaliza pesa kabla hajajua anachokipenda. Mimi nilichagua Storm, shujaa wa kike wa kundi la X-Men anayeamuru mvua na upepo. Jina lake ni Ororo, mama yake ni Mkenya, na katika Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975 tunakutana naye Kenya, watu wakimwendea kumwomba mvua baada ya ukame. Nilikuwa mtu mzima nilipousoma ukurasa ule, na moyo wangu ulishtuka.

Ukiwa na uzi, unajua pa kwenda bei ikikushinda. Giant-Size namba 1 ni ghali. Basi nenda X-Men namba 102 ya Desemba 1976, inayosimulia utoto wa Ororo na kwa nini anaogopa mahali pa kubanwa. Au Uncanny X-Men namba 186 ya mwaka 1984, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, ambayo kwa macho yangu ni kati ya matoleo mazuri kuliko yote ya muongo ule na bado mtu wa mshahara wa kawaida analimudu. Toleo alimoonekana mhusika kwa mara ya kwanza ndilo linalolipiwa bei kubwa. Mara nyingi hadithi bora iko matoleo kadhaa mbele, kwa sehemu ndogo ya bei.

Hatua ya 2: Jifunze hali ya kitabu kwa mikono

Soko hutumia alama kuanzia 0.5 hadi 10. Kampuni ya CGC, iliyoanza mwaka 2000, hupokea kitabu, hukikagua, hukipa alama, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Rangi ya lebo ina maana: ya buluu ni kitabu cha kawaida, ya zambarau ni kilichokarabatiwa, ya njano kina sahihi iliyowekwa mbele ya shahidi, ya kijani kina kasoro moja kubwa inayoelezwa pembeni. Ukinunua kilichofungwa, chukua namba ya cheti uitafute kwenye tovuti ya kampuni, na ulinganishe picha na kitabu ulichoshika, ukitazama pia kama kasha limepasuka au limefunguliwa.

Ila mimi nakushauri uanze na vitabu visivyofungwa. Kilichofungwa hukifungui, na asiyefungua hajifunzi. Nenda dukani au kwenye tamasha la vitabu vya katuni, omba ruhusa, osha na kausha mikono, kiweke kitabu mezani, kifungue polepole bila kukilaza kabisa.

Tazama mgongo kwanza: kila mkunjo mdogo uliovunja rangi unashusha alama. Halafu pini. Je, zina kutu? Karatasi imechanika zinapopita? Ukiona matundu mawili ya pini mahali panapotakiwa moja, kitabu kiliwahi kufunguliwa, na huenda kurasa za katikati zimetoka kitabu kingine. Tazama rangi ya karatasi ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa mmoja mweupe kati ya wenzake wa kahawia umehamia hapo. Giant-Size, kwa unene wake, una mgongo bapa, na gundi ya mgongo huo hupasuka ukilazimishwa. Usiuminye ili uone zaidi.

Kisha hesabu. Toleo la kawaida la miaka ya 1970 lina kurasa 32 za ndani, mbali na jalada. Hesabu zote, na utafute tundu la stempu na kuponi za matangazo.

Hatua ya 3: Tafuta ukarabati

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, basi nitakaa kidogo.

Ninabeba vitu vitatu: lenzi ndogo ya kukuzia, rula, na tochi ile ya kukagulia noti bandia. Kwa lenzi, wino wa kiwandani wa zamani unaonekana kama vitone vilivyojipanga. Rangi iliyoongezwa kwa mkono haina vitone. Imetanda tu, hasa kwenye mgongo na kona za majalada meusi au mekundu. Geuza jalada uone upande wa ndani: rangi iliyopakwa mara nyingi imepenya na kuacha doa nyuma. Tochi huonyesha gundi na rangi ngeni kwa mng'ao tofauti na eneo la jirani. Huonyesha pia karatasi ya kisasa, ambayo ina dawa ya kung'arisha na huwaka buluu nyeupe. Kitabu cha miaka ya 1940 kikiwaka namna hiyo, kirudishe mezani.

Rula ni ya kugundua kingo zilizokatwa. Kuna watu hukata milimita moja au mbili ili kona zirudi kuwa kali. Pima juu, katikati na chini. Kingo za jalada zilizo nyeupe na nyoofu kuliko umri wa kitabu zinapaswa kukutia shaka.

Rula hiyohiyo itakuokoa na nakala za baadaye. Mwaka 1974 kampuni ya DC ilichapa upya Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa, ikaongeza jalada la nje lenye maelezo kwamba ni toleo jipya. Watu wakavua jalada hilo na kuuza kilichobaki kama cha 1938. Nakala ile ina upana wa inchi 10 na urefu unaozidi 13. Cha 1938 hakikaribii hapo.

Kitabu kilichokarabatiwa si haramu. Mimi ninacho kimoja na nakipenda. Ubaya ni kulipa bei ya kitabu asilia.

Hatua ya 4: Nunua cha chini kilichokamilika

Huu ndio ushauri wangu mkuu bei zikiwa juu. Chagua alama ya 3.0 au 4.0, kitabu kilichochakaa lakini kina kurasa zote, stempu yake, na hakijaguswa na gundi wala rangi. Tofauti ya bei kati ya 9.6 na 9.8 inaweza kuwa kubwa mno, ilhali macho yako hayataiona. Wakati wa korona watu wengi walilipia tofauti hiyo kana kwamba bei hazishuki. Zilipotulia kuanzia mwaka 2022, matoleo yanayopatikana kwa wingi yakashuka nao. Anayeshika kitabu kilichosomwa na mtoto mwaka 1975, chenye jina lake kwa penseli jaladani, ana kitabu kilekile na hadithi ileile.

Hatua ya 5: Mnadani, piga hesabu kinyumenyume

Nyundo ikigonga, hujamaliza kulipa. Kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, kuna kodi, kuna posta. Tuseme nina dola 600 na sina zaidi. Naondoa 25 za posta, nabaki na 575. Nagawanya kwa 1.2 kwa ajili ya ada, kisha kwa 1.08 kwa ajili ya kodi. Napata karibu 443. Hiyo ndiyo dau langu la mwisho, naliandika kwenye karatasi kabla mnada haujaanza. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam ukinunua Marekani, ongeza ushuru wa forodha na usafirishaji wenye bima, kisha uone kama bado unakitaka.

Na usitazame bei wanazoomba wauzaji. Tazama bei zilizokwisha kulipwa, angalau tatu za karibuni, za alama hiyohiyo.

Hatua ya 6: Mchoro halisi

Kitabu kina ndugu zake maelfu. Ukurasa uliochorwa kwa mkono ni mmoja duniani. Kwanza nenda ukauone. Hapa Columbus tuna Billy Ireland Cartoon Library & Museum, maktaba na makumbusho ya katuni katika Chuo Kikuu cha Ohio State; kuingia ni bure. Nilisimama mbele ya ukurasa mmoja nikaona penseli chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika kosa, maelekezo ya mhariri pembezoni. Sikuwa nimejua mstari ulionyooka kitabuni ulichorwa mara tatu.

Alama hizo ndizo unazotafuta ukinunua. Wino wa brashi hauna mng'ao sawa kila mahali. Nakala ya mashine inao sawa. Karatasi ni nzito, kwa kawaida inchi 11 kwa 17. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa kubwa zaidi. Weka kitabu kilichochapwa kando ya ukurasa, ulinganishe fremu moja baada ya nyingine, kila mkunjo wa nguo. Kuna wasanii huchora upya kurasa maarufu kwa heshima, na mwuzaji wa tatu husahau kusema hivyo.

Kwa kurasa za miaka ya karibuni, uliza swali hili: penseli iko chini ya wino, au ni mistari ya buluu iliyochapwa? Siku hizi mchoraji wa penseli anaweza kutuma picha kwa intaneti, mwenzake akatia wino juu ya nakala. Hapo kuna karatasi mbili, na hakuna iliyo na kazi yote. Wengi sasa huchora kwenye kompyuta, hakuna karatasi kabisa, nayo ni sababu mojawapo ya zile za zamani kupanda.

Jalada ni ghali kuliko vyote, kisha ukurasa wenye picha moja kubwa, kisha wenye shujaa akiwa na vazi lake. Ukurasa wa watu wanaozungumza jikoni ni wa bei nafuu, na mara nyingi ndipo msanii alipoonyesha uwezo wake wa kuchora nyuso. Nunua huo, ikiwezekana kwa msanii mwenyewe kwenye meza yake ya tamasha. Omba risiti yenye jina la kitabu, namba ya toleo na ukurasa. Kumbuka umenunua karatasi. Haki ya kuchapa picha hiyo kwenye fulana hukuinunua.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Karatasi ya vitabu hivi ni ya magazeti, ina asidi, inajila yenyewe. Tumia mifuko ya poliesta na kadibodi isiyo na asidi, visimame wima sandukuni, mbali na jua. Usibandike selotepu kamwe. Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939 iliuzwa dola milioni 9.12; ndugu watatu waliikuta darini kwa mama yao, kaskazini mwa California, ambako hewa ni ya baridi. Mombasa, Tanga na Unguja hakuna baridi hiyo. Kule weka masanduku ya plastiki yenye mfuniko, juu ya rafu, na vipakiti vya kunyonya unyevu unavyobadilisha, na ufungue kila mwezi kutafuta ukungu na wadudu.

Mchoro ukitiwa fremu, kioo kiwe cha kuzuia miale ya jua, nao usiguse kioo. Rangi za kalamu za maka hufifia haraka. Michoro ya namna hiyo iache ndani ya faili kabatini. Piga picha kila kitu mbele na nyuma, andika ulinunua lini na kwa bei gani, na umwonyeshe mtu mmoja nyumbani orodha hiyo ilipo.