Somo: Mapambo ya sikukuu kwa machungwa, koni za msonobari na mdalasini

Wapendwa, sikukuu moja nilitundika vipande vya machungwa ambavyo kwa macho vilikuwa vikavu kabisa. Siku ya nne vikaota ukungu wa kijani. Ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye kukausha. Kufunga uzi hata mtoto anaweza.

Andaa machungwa manne, koni za msonobari, vijiti vya mdalasini, uzi wa katani, sindano nene na taulo safi.

Hatua ya 1. Kata chungwa kwa upana, ile nyota ya katikati itokee. Unene uwe milimita 5 hivi: vyembamba mno hujikunja na kuungua ukingoni, vinene hubaki na maji ndani. Toa mbegu, kisha gandamiza kila kipande taratibu kwa taulo. Wengi hapa huruka, halafu wanalalamika oveni yao haikaushi.

Hatua ya 2. Panga vipande juu ya wavu visigusane. Moto uwe nyuzijoto 90 hadi 100, basi. Ukizidisha, sukari ya tunda inaungua na rangi inakuwa ya kahawia. Geuza kila nusu saa, na kila ukigeuza acha mlango wazi kidogo mvuke utoke. Hesabu saa 3 au 4. Usiliamini ganda, lenyewe hukauka mapema. Bonyeza nyama ya katikati, ikinata kidoleni, rudisha. Vikishaiva hivyo, vilaze juu ya wavu usiku kucha.

Hatua ya 3. Kung'uta koni mchanga, ziweke kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, nyuzijoto 100 kwa nusu saa hadi saa moja. Wadudu waliojificha watakufa, magamba yatafunguka, na utomvu ukiyeyuka huacha mng'ao mzuri. Usitoke jikoni, maana utomvu hushika moto. Ukiziosha kwanza zitajifunga. Usishtuke, zikikauka zinafunguka tena.

Hatua ya 4. Toboa chungwa kwa sindano, ndani kidogo ya ganda, pitisha uzi, ning'iniza na kijiti cha mdalasini. Koni izungushie uzi katikati ya magamba karibu na kikonyo. Gundi siipendi: uzi utaufungua mwakani ukitaka kupanga upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, sina oveni. Jua litafaa?
Jibu: Litafaa likiwa kali na kuna upepo, ila ni kazi ya siku kadhaa. Kata milimita 3, funika kwa chandarua, na ingiza ndani kabla ya umande.

Swali: Nikipaka vanishi si vitadumu zaidi?
Jibu: Vikiwa vikavu kweli, sawa. Vikiwa na unyevu, umeufungia ndani, na ukungu utaota chini ya vanishi. Halafu ile harufu unaipoteza, na mimi ndiyo ninayoifuata.

Swali: Naweza kuvitunza hadi mwaka ujao?
Jibu: Ndiyo, kwenye boksi la karatasi, mahali pakavu. Mfuko wa plastiki hapana, unafuga unyevu.

Swali: Vya kwangu nimevizungushia mishumaa mezani, vinapendeza mno!
Jibu: Mpendwa, viondoe leo hii. Chungwa kavu na koni ni kuni.