Kuchomoa waya kwa makusudi: namna ya kupima kama kompyuta inatunza ilichoandika

Jioni moja ya Novemba, bibi mmoja alileta magunia sita ya korosho kwenye ghala nililokuwa karani wa mizani, hapa Newala. Nikapima, nikaingiza kilo zake kwenye kompyuta, kioo kikaandika "imehifadhiwa", nikampa risiti. Hajafika barabarani, umeme ukakatika. Uliporudi, faili la siku ile lilikuwepo kwa jina tu. Ndani lilikuwa tupu, baiti 0. Wakulima wote waliopimiwa tangu mchana walikuwa wamefutika.

Bibi alikuwa na risiti yake kwenye pindo la khanga, kwa hiyo hakudhulumiwa. Lakini asubuhi alinitazama akaniuliza: "Mjukuu wangu, mashine ilisema imeandika. Iliandika wapi?"

Tangu siku ile sikabidhi kompyuta ya ghala kabla sijalijibu swali hilo kwa vitendo. Nafanya hivi.

Kwanza ujue maandishi yanapita wapi. Programu ikisema "imehifadhiwa", mara nyingi imeyaacha kwenye kumbukumbu ya muda ya mfumo endeshi. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, kwa mipangilio ya kawaida, yanaweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla ya kusukumwa kwenye diski. Yakifika kwenye diski, nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya kupokelea, ambayo pia hufa umeme ukifa. Mfumo wa mafaili wa ext4 unaandika mabadiliko yake kwenye daftari maalumu ili ukiwaka tena ujue ulipoishia, na watu wengi wanadhani daftari hilo linalinda kila kitu. Kwa kawaida linalinda mpangilio: majina, ukubwa, nani anakaa wapi. Kilo za bibi hazimo. FAT32 na exFAT, mifumo ya mafaili ya kwenye flashi, hazina hata daftari hilo, kwa hiyo usiweke hesabu ya siku humo.

Amri inayolazimisha maandishi yafike chini kabisa ni fsync. Ikijibu kwamba imemaliza, hiyo ni ahadi. Tunachopima ni kama ahadi hiyo ni ya kweli, na haipimiki kwa kompyuta moja, kwa sababu anayetuhumiwa hawezi kuwa shahidi wa kesi yake. Tafuta laptopu ya pili yenye betri nzima iwe shahidi. Ziunganishe kwa waya wa mtandao moja kwa moja, au hakikisha rauta haichukui umeme kwenye ekstensheni utakayozima. Mara ya kwanza mimi nilisahau hilo, nikapoteza mchana mzima.

Kwa shahidi, andika:

nc -l 5000 > shahidi.txt

Kwenye kompyuta inayopimwa tumia diski au kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa) kisicho na hesabu za watu, kisha endesha programu hii ya Python (badili anwani iwe ya laptopu yako):

import os, socket
s = socket.create_connection(("192.168.1.20", 5000))
f = os.open("jaribio.txt", os.O_WRONLY | os.O_CREAT | os.O_APPEND)
n = 0
while True:
    n += 1
    mstari = b"%08d\n" % n
    os.write(f, mstari)
    os.fsync(f)
    s.sendall(mstari)

Angalia mpangilio wa mistari mitatu ya mwisho, maana ndipo mtihani wenyewe ulipo. Inaandika, inalazimisha, na fsync ikishajibu ndipo inamwambia shahidi. Namba yoyote iliyomfikia shahidi inadaiwa iwe kwenye diski.

Iache ikimbie dakika moja au mbili, halafu kata umeme kwenye swichi ya ukutani. Usibonyeze kitufe cha mbele cha kompyuta, kwa sababu kukigusa kidogo kunaiambia ijizime kwa utaratibu na itamaliza kazi zake zote. Kuua programu kwa kill -9 nako hakutoshi: programu inakufa lakini mfumo endeshi uko hai na utaandika baadaye. Hata kuwasha upya kwa nguvu bila kuzima hakutoshi, maana diski inaendelea kupata umeme na inamaliza kilichomo tumboni mwake. Kama unapima laptopu, toa na betri.

Subiri kama sekunde 20, washa, kisha linganisha:

tail -n 3 jaribio.txt
tail -n 3 shahidi.txt

Diski ikiwa mbele ya shahidi kwa namba moja mbili, hakuna kosa, umeme ulikatika kabla ujumbe haujatoka. Mstari wa mwisho ukiwa nusu wakati shahidi hajaupata, nao hauna neno. Ila shahidi akiwa na 00004127 na diski imeishia 00004090, hapo umedanganywa kwa mistari 37. Kwa ghala letu hiyo ni mistari 37 ya wakulima.

Usiridhike na jaribio moja. Mimi nakata mara 40, kwa nyakati tofauti: mara sekunde kumi baada ya kuanza, mara dakika tatu. Diski inaweza kuponea mara 39. Ni kazi ya kuchosha, na mwenye ghala atakuuliza unafanya nini na swichi yake. Mweleze tu, wangu alipoelewa alikaa akanihesabia.

Kabla ya kuanza, weka pia mafaili ya zamani kwenye diski hiyo, chukua alama zake kwa amri ya sha256sum, ambayo hutoa alama tofauti faili likibadilika, uzihifadhi kwa shahidi, na uzilinganishe mwishoni. SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, huhamisha data yake ndani kwa ndani, na umeme ukikatika katikati ya uhamisho inaweza kuumiza hata faili ambalo hukuligusa. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 na watafiti wa Ohio State na HP Labs ulijaribu SSD 15, na 13 zilionyesha hitilafu umeme ulipokatwa. Mwisho wa majaribio yote shusha kizigeu (kiondoe kwenye matumizi kwa umount) na ukikague kwa e2fsck -fn.

Kuna dalili moja ya uongo inayoonekana hata kabla ya kukata umeme. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Kama namba zako zinapanda kwa maelfu kila sekunde kwenye diski ya aina hiyo, fsync hairudi ikiwa na jibu la kweli, kuna mtu katikati anajibu kwa niaba ya sahani.

Diski ikianguka mtihani, zima kumbukumbu yake ya kupokelea kwa hdparm -W0 ukitaja jina la diski, urudie kukata umeme upya. Itakuwa nzito. Kwa mizani haisumbui, kwani gunia moja kushushwa na kupandishwa ni muda mrefu kuliko fsync yoyote. Ikianguka tena, itoe.

Ikifaulu, geukia programu ya mizani yenyewe, maana diski mwaminifu haisaidii programu isiyoita fsync. Ya kwetu ilikuwa inalifuta faili zima na kuliandika upya kila gunia, ndiyo maana tulikuta baiti 0. Sasa inaandika faili jipya pembeni, inaliitia fsync, inalibadilisha jina kuchukua nafasi ya la zamani, halafu inaita fsync kwenye folda pia. Nililipima hilo nalo kwa swichi ileile, mara 40.

Matokeo nayaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta: tarehe, namba ya diski, mara ngapi nimekata, mistari iliyopotea. Ikibadilishwa diski, au hata kiboksi cha USB kinachoibeba, karatasi ile naibandua na kazi inaanza upya, kwa sababu viboksi vingine humeza amri ya kulazimisha bila kuifikisha. Nafanya hivyo Septemba, kabla magunia ya kwanza hayajaanza kuingia.