Somo: Kukagua kinywa cha mzee asiyetoka nyumbani

Mzee anayeuguzwa nyumbani huogeshwa na kupewa dawa kwa saa, lakini kinywa chake husahaulika, hasa akiwa kibogoyo. Bakteria wanaozaliana humo wakiteremka mapafuni pamoja na mate huweza kuleta nimonia. Ndiyo maana nasisitiza: kagua usafi, na kagua pia kama kinywa bado kinafanya kazi yake.

1. Mketishe, kidevu kiinamie kifua kidogo. Asiyeweza kukaa, mlaze ubavu. Usimsafishe akiwa chali. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa mdomo, hata kama haongei.

2. Toa meno bandia.

3. Washa tochi uangalie midomo, fizi, kaakaa, ulimi juu na chini, na mashavu kwa ndani. Hapa usiwe na haraka. Kwa aliyepata kiharusi, vuta shavu la upande uliopooza. Mara nyingi utakuta tonge zima limebaki pale naye hana habari. Ukiona usaha, jino linalocheza, utando mweupe au kidonda kisichopona kwa wiki 2, mwite daktari wa meno. Wapo wanaokuja nyumbani, uliza.

4. Mwambie atamke pa-pa-pa, ta-ta-ta, kisha ka-ka-ka, kwa kasi. Ya kwanza huonyesha nguvu za midomo, ya pili ncha ya ulimi, ya tatu ulimi kwa nyuma. Halafu ameze mate mfululizo huku kidole chako kikigusa koo lake kwa wepesi: asipofikisha mara 3 kwa sekunde 30, huenda kumeza kumedhoofu. Kupaliwa na maji mara kwa mara, au sauti kuwa ya majimaji baada ya kunywa, ni jambo la kumwambia daktari mapema.

5. Msugue kwa mswaki laini na dawa kidogo ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Fizi tupu zifute kwa kitambaa cha shashi chenye unyevu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Baba amepoteza kumbukumbu, anauma mswaki. Nifanyeje?
Jibu: Usiuvute kwa nguvu. Tulia, mpapase shavu mpaka aachie. Usiingize kidole katikati ya meno yake. Akianza kukataa chakula ghafla, shuku maumivu ya jino; huenda hawezi kuyasema.

Swali: Meno bandia ya mama niyachemshe?
Jibu: Hapana, maji ya moto huyapinda. Tumia mswaki na sabuni laini. Dawa ya meno huyakwaruza. Usiku yavuliwe, yalowekwe kwenye maji.

Swali: Bibi analishwa kwa mpira. Kinywa kisichotumika kina haja ya kusafishwa?
Jibu: Tena kuliko vingine. Asipotafuna, mate hupungua na uchafu hugandia kwenye kaakaa. Usiubandue ukiwa mkavu, utamtoa damu. Ulowanishe kwanza kwa shashi, subiri ulainike, kisha futa kutoka nyuma kuja mbele.