Bendi ya Disney mkononi: pa kuziba kabla hujamvalisha mtoto

Wengi wanaovaa bendi za kielektroniki kwenye hoteli za michezo huogopa kitu kimoja: kwamba kuna mtu atapita karibu na kimashine mfukoni, aisome bendi, aondoke na pesa. Hofu hiyo imekaa pasipo pake. Pesa hupotea kupitia PIN ya kubahatisha, akaunti inayotumiwa na ukoo mzima, na bendi za zamani zilizosahaulika kwenye droo.

Bendi tunayoizungumzia hasa ni MagicBand ya Walt Disney World, Florida, iliyoanza 2013, pamoja na MagicBand+ iliyotoka Julai 2022. Inafungua chumba, inakuingiza getini, na ukiruhusu, inalipia chakula na bidhaa kwa kuandika kwenye bili ya chumba. Tangu Januari 2021 wageni wa hoteli hawapewi tena bure, inanunuliwa. Wanaoishi Minnesota au Texas watakutana na nyingine Great Wolf Lodge, hoteli zenye michezo ya maji, kule Bloomington na Grapevine. Tutazigusa mbele.

Ndani ya MagicBand mna redio mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni chipu ya RFID ya megahezi 13.56, jamii moja na ile ya kadi ya benki ya kugusisha. Haitumii betri, inapata umeme kutoka kwenye kisomaji chenyewe, ndiyo maana ni lazima vikaribiane kwa sentimita chache. Hii ndiyo inayofungua mlango na kulipa. Ya pili hutumia gigahezi 2.4 (kwenye MagicBand+ ni Bluetooth), ina betri, na husikika mita kadhaa. Hiyo ndiyo inayotambua kwamba umepanda kigarimoshi fulani na kukuletea picha yako kwenye simu. Haifungui mlango wala hailipi chochote. Betri ikiisha, usihangaike: mlango, geti na malipo vinaendelea kama kawaida.

Chipu haibebi jina lako, namba ya kadi wala namba ya chumba. Inabeba namba ya utambulisho tu, na mitambo ya Disney ndiyo inayojua namba ile ni ya nani. Kwa hiyo vile vimfuko vya kuzuia RFID vinavyouzwa viwanja vya ndege, kwa bendi hii ni kutupa hela.

Faragha ni hoja tofauti, na ina uzito wake. Mapema 2013 Ed Markey, wakati huo mbunge wa Massachusetts, alimwandikia mkuu wa Disney, Bob Iger, akihoji taarifa zipi za watoto zingekusanywa. Kama hutaki mwendo wa mwanao ufuatiliwe kwa redio ya mbali, omba mapokezi kadi ya plastiki, Key to the World. Ina chipu ya kugusisha peke yake. Inafungua mlango uleule na geti lilelile, ila haiwaki taa, na mtoto atanuna.

Sasa PIN. Unapolipa kwa bendi unaigusisha kwenye kisomaji kisha mara nyingi unabonyeza tarakimu 4. Watu huweka mwaka wa kuzaliwa, au 1963 kwa heshima ya uhuru wa Kenya, au tarakimu za mwisho za simu. Binamu yeyote aliyekaa nawe siku mbili ataibahatisha. Tatizo kubwa zaidi linakuja siku ya kulalamika: bili ikionyesha kwamba PIN sahihi ilibonyezwa, hoteli itakuambia aliyenunua ni wewe au uliyempa ruhusa. Chagua tarakimu zisizohusiana na familia, usizitumie kwenye kadi ya benki, na usimtajie mtoto ili akanunue aiskrimu peke yake. Mlango, kumbuka, hauulizi PIN. Anayeokota bendi yako akajua na chumba chako anaingia. Namba ya chumba haijaandikwa kwenye bendi, basi usiitaje kwa sauti kwenye basi la hoteli.

Linalotuuma zaidi sisi wa ughaibuni ni akaunti. Barua pepe na nywila unayoingilia Disney+ ndiyo hiyohiyo inayofungua My Disney Experience, programu inayosimamia bendi, tiketi na hoteli. Disney+ ilipoanza Novemba 2019, maelfu ya akaunti zilitekwa ndani ya siku chache na kuuzwa mtandaoni, nyingi zikiwa za watu waliotumia nywila moja kila mahali. Na nani kati yetu hajawapa watoto wa dada nywila ya Disney+ waangalie katuni? Ukishaigawa, kila aliye nayo, na kila waliyempa, anaweza kuona unasafiri lini, unalala hoteli gani, na nyumba yako itakuwa tupu tarehe zipi.

Wiki moja kabla ya safari fanya hivi. Anza na barua pepe yenyewe, maana msimbo wa kuthibitisha hutumwa huko: ipe nywila mpya na uthibitisho wa hatua mbili. Kisha badilisha nywila ya Disney na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Watoto wa dada watakosa katuni kwa muda. Wafungulie tena mkirudi, au jisajili Disney+ kwa barua pepe nyingine isiyo na tiketi wala hoteli. Hilo la pili ni bora.

Ukiwa ndani ya My Disney Experience, fungua orodha ya bendi na kadi zako. Watu wengi hushangaa hapa. Akaunti moja hubeba bendi nyingi, na zote ambazo hazijazimwa hufanya kazi. Bendi ya safari ya miaka mitatu iliyopita, ile uliyomwachia mpwa kama kumbukumbu, inaweza kufungua chumba chako cha Desemba hii. Zima kila bendi ambayo huioni mbele yako. Vilevile usinunue iliyotumika kwenye masoko ya mtandaoni: ikishaunganishwa na mtu mmoja haihamishiki kwa mwingine, na namba yake iliyochapishwa upande wa ndani ameshaiona muuzaji. Usipige picha upande huo ukaiweka kwenye WhatsApp ya ukoo.

Mkisafiri kundi, mara nyingi mmoja ndiye mwenye kadi na wengine wanaingia chini yake: mama mkwe kutoka Kisumu, shemeji, watoto watano. Kuwa chumba kimoja hakumlazimishi kila mtu kuwa na ruhusa ya kununua. Mkifika mapokezi taja majina ya wanaoruhusiwa kuandika kwenye bili na uombe wengine wazimiwe. Bendi zao bado zitafungua mlango na geti. Ni rahisi kulimaliza hapo kuliko kumuuliza mama mkwe baadaye alinunua nini.

Kadi unayoiweka iwe ya mkopo, si debiti. Hoteli huzuia kiasi cha fedha kama dhamana. Kwenye debiti zinazozuiliwa ni za kwako za kodi ya nyumba. Sheria ya Marekani nayo inatofautisha: kwa kadi ya mkopo, dhima yako kwa matumizi yasiyoidhinishwa haizidi dola 50. Kadi ya debiti ikipotea au kuibwa ni dola 50 ukiripoti ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, na inaweza kupanda hadi 500 au zaidi ukichelewa. Asiye na kadi ya mkopo asiunganishe chochote na bendi, alipe papo kwa papo.

Bendi za watoto hupotea zaidi kwenye maji. Kifungo kina vijiti viwili, na visipoingia vyote mpaka usikie vimekaa, mteremko wa kwanza wa maji unaondoka nayo. Kwa mkono mwembamba bandua ukingo wa nje wa bendi, ila pima kwanza, haurudishiki. Mpira mdogo wa kuzungushia mkia wa bendi unasaidia kweli.

Ikipotea, usianze kuitafuta, izime kwanza. Fungua programu, nenda kwenye bendi na kadi, chagua iliyopotea, izime. Simu ikiwa haina chaji, mfanyakazi wa huduma za wageni atakufanyia, beba kitambulisho. Halafu nenda mapokezi, omba bili ya chumba ichapishwe mpaka saa hiyo, ipitie mstari kwa mstari, na ubadilishe PIN.

Getini kisomaji kikiwaka kijani, pita. Kikiwaka buluu, hujafungiwa wala hujaibiwa: kinamwita mfanyakazi aje aangalie. Pale pia huombwa kidole kuanzia umri wa miaka 3. Disney wanasema alama hugeuzwa kuwa namba na picha haitunzwi. Asiyetaka, au mzee ambaye vidole vimesuguliwa na jembe mpaka havisomeki, aonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti inatosha.

Kwingineko usidhani ulinzi ni uleule. Great Wolf Lodge bendi ni ufunguo wa chumba na inaweza pia kuandika kwenye bili, kwa hiyo uliza ukifika kama inataka PIN, na zima ruhusa ya watoto. Volcano Bay, bustani ya michezo ya maji ya Universal, Orlando, ilifunguliwa 2017 ikiwa na TapuTapu, bendi unayoirudisha ukitoka. Bendi ya aina hiyo usiidondoshe kwenye sanduku la kurudishia kabla hujaondoa kadi yako kwenye programu.

Udhaifu wa kweli wa redio umeonekana kwenye makufuli ya hoteli. Machi 2024 watafiti walitangaza kwamba makufuli ya Saflok yanayotengenezwa na dormakaba, milango takriban milioni 3 katika nchi 131, yangeweza kufunguliwa kwa jozi ya kadi za kughushi baada ya kusoma kadi moja tu ya hoteli husika. Marekebisho yalikuwa yameshaanza, ila hufanywa mlango kwa mlango. Pakua NFC TagInfo ya NXP, programu ya bure, uguse ufunguo wa chumba. Ikiandika MIFARE Classic (aina ya zamani ya chipu) kwenye hoteli yenye makufuli hayo, yaelekea hayajarekebishwa. Komeo la ndani halitoshi, kwa sababu kadi hizo za kughushi hulifungua nalo. Weka mnyororo.

Simu ya chumbani ikilia saa nane za usiku, sauti ikasema ni mapokezi, kadi imekataa, itaje namba, kata na ushuke mwenyewe mapokezi. Siku ya kuondoka uliza ruhusa ya kununua inafungwa saa ngapi hasa, na uombe ifungwe ukiwa hapo. Bendi ambayo hutaitumia tena izime. MagicBand yoyote usiikate, ina betri ndani. Izime tu, uipeleke zinakokusanywa betri.