Rangi ya zamani ikipauka, jaribu kitambaa kwanza
Wenye Land Rover au Peugeot 504 za zamani huku Mtwara, msikimbilie kupuliza rangi upya. Osha boneti kwa maji yasiyo na chumvi, likauke, kisha sugua sehemu ndogo kwa polishi na kitambaa cheupe (gari jeupe, tumia cheusi). Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi rangi hiyo haina kliya (tabaka linaloonyesha, la kuilinda) juu, na kilichopauka ni tabaka la juu tu lililochomwa na jua. Paka polishi yenye mafuta mengi, iache usiku kucha kivulini, asubuhi usugue kwa mkono. Mafuta huilainisha rangi kavu, hivyo unaondoa kidogo sana, na rangi ya kiwandani ikiisha hairudi! Maliza kwa nta. Kliya ikiwa inabanduka au praima (rangi ya msingi ya chini) inaonekana, polishi haitasaidia.